Vampr na BandLab: nianzie wapi kumpata mpiga gita wa mbali?

sauti_ya_mwambao:
Wakuu habari. Nina nyimbo tatu za chakacha, 6/8, maneno na melodia tayari. Natafuta mpiga gita la solo na mpiga besi, popote walipo, tufanye kazi kwa mtandao. Vifaa ni simu ya Android, maikrofoni ya USB na hedifoni za Bluetooth. Nimefungua akaunti Vampr na BandLab. Ipi inafaa zaidi, niandike nini kwenye wasifu, na tutumiane vipi faili bila sauti kuharibika? Mgao wa mapato nao tuandike vipi?

nyuzi_sita:
Hizo mbili hazishindani, mkuu. Vampr ni ya kutafutia watu: wasifu unakuja mmoja mmoja, ukimtaka mtu unatelezesha kulia, humtaki kushoto, na mkikubaliana wote wawili mnaanza kuchati. BandLab ina studio ndani yake: unafungua mradi, unamwalika mtu, anaongeza traki yake (rekodi ya ala au sauti moja), na matoleo ya nyuma yanabaki. Mtafute kule, mfanyie kazi huku. Na ukiona Vampr watu wa karibu wameisha haraka, legeza kichujio cha umbali. Gita halihitaji mkae mji mmoja.

Wasifu wa "msanii, natafuta kolabo" haumwambii mpiga gita chochote. Andika hivi: "Mwimbaji na mtunzi, chakacha 6/8. Natafuta gita la solo, sauti safi bila distoshini, nyimbo 3. Demo zipo, ufunguo na tempo vimeandikwa. Malipo ya kurekodi au mgao, tunakubaliana kabla ya kuanza." Kwenye demo, sauti yako isikike ndani ya sekunde 10 za kwanza. Utangulizi wa kinanda wa nusu dakika hakuna anayeusubiri.

Tempo ndiyo inayovuruga kazi nyingi za 6/8. Bari moja (fungu moja la mapigo) ina mapigo makubwa mawili, na kila moja lina madogo matatu. Ukisema "110" unamaanisha yapi? Mapigo makubwa 110 kwa dakika ni madogo 330, na kwenye programu inayohesabu kwa noti robo (sawa na madogo mawili) unatakiwa uweke 165. Mwenzako akiweka 110 ya noti robo, wimbo unakuwa wa kubembelezea mtoto. Mtumie kliki yenyewe (mlio wa kuhesabia mapigo) kama faili ya sauti, usimwachie namba peke yake. Programu nyingi pia hufunguka zikiwa 4/4 na 120, kwa hiyo badilisha kabla ya kurekodi chochote.

fundi_miksi:
Upande wa faili: WAV (faili ya sauti isiyobanwa), biti 24, 48 kHz (sampuli 48,000 kwa sekunde), na wote watatu mtumie kiwango kimoja. Faili ya 48 kHz ikisomwa kama 44.1 bila kubadilishwa, wimbo wa dakika 3 na sekunde 30 unavutika hadi karibu 3:49, na sauti inashuka kama nusutoni moja na nusu. Mtu atadhani gita lake halijatiwa sawa, atahangaika na nyuzi bure.

MP3 ni ya kusikilizia tu. Mbali na kupunguza ubora, huongeza ukimya wa milisekunde kadhaa mwanzoni, kwa hiyo traki hazikai mahali pake. Kila traki ianzie sifuri ya mradi, hata kama gita linaingia kwenye kiitikio, na iwe na bari mbili za kuhesabu mwanzoni. Kilele cha sauti kisizidi -6 dB kwenye mita ya programu. Sauti yako ya kuimba uitume kavu, bila mwangwi wala Auto-Tune (kirekebisha sauti). Kama kuna athari unazipenda, tuma nakala ya pili yenye athari hizo iwe mwongozo.

Ukubwa: WAV ya mono (chaneli moja) ya kiwango hicho ni kama MB 8.6 kwa dakika, kwa hiyo traki ya wimbo mzima ni kama MB 30. Gmail inaishia MB 25, tumia Google Drive. WhatsApp inafaa pia ukituma kama hati. Sauti ya kurekodi pale pale kwenye chati haifai kwa kazi hii.

sauti_ya_mwambao:
Asante sana. Nimejaribu kurekodi juu ya kliki BandLab, sauti yangu inachelewa kila mara. Ni simu?

fundi_miksi:
Ni Bluetooth. Kliki inakufikia masikioni imeshachelewa, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, nawe unaimba ukiifuata. Chukua hedifoni za waya. Maikrofoni ikiwa imeshika tundu la USB, chomeka hedifoni kwenye maikrofoni yenyewe kama ina tundu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya studio, fanya kipimo cha ucheleweshaji, na ukirudie kila ukibadilisha kifaa.

mgao_kwanza:
Kuhusu mgao, tenganisheni vitu viwili: utunzi (maneno na melodia) na rekodi yenyewe. Kila kimoja kina asilimia zake zinazotimiza 100. Aliyepiga kile ulichomwimbia amefanya kazi ya kurekodi, mlipe na muandike kwamba amelipwa. Aliyebuni utangulizi unaoutambulisha wimbo ana hoja ya kupewa sehemu ya utunzi. Mimi ningempa, ingawa wengi humu watapinga.

Karatasi moja inatosha: jina la wimbo, tarehe, majina kamili, nani kafanya nini, asilimia za pande zote mbili, nani anapakia kwa msambazaji, na saini. Kila mmoja abaki na PDF yake. Ukienda COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) kusajili wimbo, watunzi wote watajwe kama kwenye karatasi hiyo.

Angalia pia lupu, yaani vipande vya muziki vilivyo tayari vinavyojirudia. Mwenzako akikuwekea ngoma za maktaba ya programu, leseni yake kwa kawaida inaruhusu kutoa wimbo, lakini usiuingize kwenye Content ID ya YouTube (mfumo wa kutambua muziki wako kwenye video za wengine), maana wasanii wengine wametumia lupu hiyo hiyo na madai yatagongana.

nyuzi_sita:
Na kabla hujapandisha demo BandLab, angalia mpangilio wa kuchapisha. Mradi ukiwa wa wazi na umeruhusu wengine kuunakili, yeyote anaufungua na traki zake zote. Uweke wa faragha, waalike wawili hao tu.

Besi irekodiwe kwanza, solo ifuate. Mpiga solo akitangulia, ataziba nafasi ya besi halafu mtamrudisha arekodi upya.