Gari limegongwa Mwanakwerekwe: nipokee fidia iliyokatwa au nidai ukaguzi wa pili?

Mkaazi wa Kwahani (mtoa mada):

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kupitia jambo hili, kwa sababu nimebakiwa na siku chache za kuijibu kampuni yangu ya bima.

Mwezi uliopita, karibu na soko la Mwanakwerekwe hapa Unguja, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilichokuwa kikirudi nyuma na mzigo wa muhogo kilinigonga pembe ya mbele ya kulia. Gari langu ni Toyota ndogo ya familia na lina bima kubwa, ile inayolipa hata uharibifu wa gari langu mwenyewe. Hakuna aliyeumia. Askari wa usalama barabarani alifika, akapima, akachora mchoro wa ajali, na dereva wa kirikuu alikiri kosa lake papo hapo. Gereji ninayoiamini imekadiria matengenezo kuwa shilingi 1,600,000: taa 450,000, bampa 350,000, fenda 220,000, kiunzi kinachoshikilia rejeta 180,000, na kunyosha pamoja na rangi 400,000.

Kampuni imeniandikia kwamba italipa 600,000 tu. Taa na bampa imevikubali, lakini imekata robo ya thamani yake kwa sababu ya uchakavu, kwa hivyo 800,000 zimekuwa 600,000. Rangi imekubali nusu, yaani 200,000. Fenda na kiunzi imevikataa kabisa kwa maelezo kwamba ni uharibifu wa zamani. Mwisho ikatoa 200,000, ambazo mkataba unasema ninajibebea mwenyewe katika kila dai. Barua hiyo imekuja na hati ya kukubali malipo, na hati inasema kwamba nikishasaini sitakuwa na dai jengine lolote juu ya ajali hii.

Ninaona njia nne. Ya kwanza ni kupokea hicho kilichotolewa. Ya pili ni kupinga kwa maandishi na kudai ukaguzi wa pili. Ya tatu ni kupeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Ya nne ni kuiacha bima yangu na kumdai mwenye kirikuu kupitia bima yake ndogo, ile inayolipa hasara za watu wengine. Aliyepita njia yoyote kati ya hizi aniambie alichokutana nacho, na asinifiche gharama yake.

Dereva wa Utalii:

Wa alaykum salaam. Mimi nilipokea, na sijutii. Gari langu huchukua wageni kutoka uwanja wa ndege kwenda Paje na Nungwi, na kila siku linapolala gereji ni siku ya riziki iliyopotea, ambayo bima yangu mwenyewe hainilipi. Tofauti kati ya kadirio langu na malipo ya kampuni ilikuwa 150,000, na nilipopiga hesabu niliona kwamba kungoja wiki moja ya mabishano kungenigharimu zaidi ya hizo. Kama gari lako ni la kwenda kazini na kurudi nyumbani, hesabu yako inaweza kuwa nyengine, lakini anza kwa kujiuliza kila siku ya kungoja inakugharimu kiasi gani.

Wakala Mstaafu:

Ndugu yangu wa Kwahani, nimefanya kazi ya uwakala wa bima kwa miaka mingi, na jambo ninalotaka ulione kabla ya kuchagua njia ni kwamba wewe huna mgogoro mmoja. Kampuni imekupunguzia 1,000,000 kutoka katika kadirio, na makato hayo yamejengwa juu ya misingi mitatu tofauti ambayo haipingwi kwa namna moja.

Zile 200,000 unazojibebea, ambazo sisi tulizoea kuziita eksesi, ziache. Uliziridhia ulipochukua hati ya bima, na hakuna msuluhishi atakayekurejeshea kutoka kwa kampuni yako.

Uchakavu ni 200,000 nyengine. Msingi wa bima ya mali ni kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara bila ya kumpa faida, na ndiyo maana kampuni husema kwamba taa mpya katika gari la miaka mingi ni nafuu usiyoilipia ada. Hoja hiyo ina nguvu pale tu ambapo mkataba umeitaja. Fungua hati yako yote, si ile stika wala kile cheti cha ukurasa mmoja, utafute kifungu cha uchakavu, usome kiwango chake na kinahusu vitu gani. Kikiwemo, usipoteze nguvu zako hapo. Kisipokuwemo, waulize kwa barua wameitoa wapi robo hiyo. Angalia pia kwamba uchakavu hukatwa katika spea. Mkono wa fundi hauchakai, kwa hivyo kunyosha na kupiga rangi hakupaswi kuguswa kwa sababu hiyo.

Sasa tazama kilichobaki. Fenda na kiunzi ni 400,000, na ile nusu ya rangi waliyoikataa, ambayo bila ya shaka ni rangi ya fenda, ni 200,000. Jumla ni 600,000, na zote zinaning'inia juu ya neno moja, "zamani". Hilo si suala la mkataba bali ni la ushahidi, na ushahidi unaweza kuwa mikononi mwao wenyewe. Ulipochukua bima kubwa, je, hawakulikagua gari na kulipiga picha pande zote? Kampuni nyingi hufanya hivyo kabla ya kuipokea bima kubwa. Omba kwa barua nakala ya picha hizo pamoja na ripoti ya mkadiriaji hasara, yule aliyetumwa kulikagua gari baada ya ajali. Kama siku ile fenda yako ilikuwa nzima, neno "zamani" linakuwa na kazi ngumu ya kujieleza.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa wengi huliona wakati umeshapita: hakikisha thamani uliyoandikisha inalingana na bei ya gari sokoni. Gari la milioni 16 lililoandikishwa milioni 12 limekatiwa bima robo tatu tu, na kwa kanuni ya wastani kampuni inaweza kukulipa robo tatu ya kila hasara, hata ikiwa ni bampa peke yake. Kwa kuwa barua yao haikulitaja, naamini wewe umesalimika.

Fundi Bodi wa Amani:

Mimi nazungumzia chuma. Mkadiriaji alikuja siku ya ngapi baada ya ajali, na gari lilikuwa limewekwa wapi?

Mkaazi wa Kwahani:

Fundi, alikuja siku ya 12. Gari lilikuwa nje ya nyumba bila ya kufunikwa, na ilikuwa ni katika mvua za masika. Picha za ukaguzi zilipigwa kweli, nimekumbuka sasa: kijana wa kampuni alilizunguka gari kwa simu yake kabla sijalipa ada.

Fundi Bodi wa Amani:

Basi nadhani nimeipata sababu. Fenda ikikunjwa, rangi hupasuka penye mkunjo na chuma hubaki uchi. Kwa hewa yetu ya chumvi, na mvua juu yake, chuma kilicho uchi huanza kuvaa kutu ya rangi ya machungwa kwa siku chache tu. Mtu anayekuja siku ya 12 na kutazama haraka anaona kutu, na anaandika kwamba uharibifu ni wa zamani. Lakini kutu changa hukaa juu juu, na ukiisugua kwa msasa mwepesi chuma cheupe kinatokea. Kutu ya miezi hula ndani, huacha vishimo, na huingia chini ya rangi iliyo pembeni hadi ikainyanyua kama magamba. Tazama pia ndani ya ufa wa rangi. Ufa wa zamani hujaa vumbi na nta ya kuoshea gari, na ule mpya una kingo kali na safi.

Kuhusu kiunzi, pima urefu kutoka ardhini hadi kwenye alama ya pigo katika bampa, kisha upime ubao wa nyuma wa kirikuu. Vikilingana, na kiunzi kikiwa kimepinda kuelekea ndani kwa upande uleule wa pigo, basi ni pigo moja. Plastiki ya bampa hukunjuka na kurudi, na chuma kilicho nyuma yake hubaki kimepinda. Mkadiriaji ambaye hakulifungua bampa hawezi kulijua hilo, kwa hivyo katika ukaguzi wa pili omba lifunguliwe mbele yenu nyote wawili. Na tafadhali usiruhusu fundi yeyote aguse fenda hiyo kabla ya siku hiyo. Nimeona watu wenye haki kamili wakishindwa kwa sababu gari lilikuwa limeshanyoshwa na spea iliyovunjika imeshauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Ummu Salma wa Mbweni:

Mimi nilipita njia ya nne. Aliyenigonga alikuwa na bima ndogo, na kampuni yake ndiyo iliyonilipa. Uzuri wake ni kwamba eksesi haikukatwa, na punguzo langu la kutodai, yaani lile la ada kwa mtu asiyedai, halikuguswa wakati wa kukata bima ya mwaka uliofuata. Aidha, mtu asiye na kosa anaweza kumdai mkosaji hata siku alizokosa kulitumia gari, jambo ambalo ndugu yetu Dereva wa Utalii angelifikiria.

Lakini sitaki kukuficha uzito wake. Kampuni ile haina mkataba na wewe, kwa hivyo haina haraka na wewe. Inataka ripoti ya polisi inayosema wazi ni nani mwenye kosa, na inataka mteja wake mwenyewe aripoti ajali kwao. Yangu ilikwama wiki tatu kwa sababu dereva hakuwa akipokea simu. Pia bima ndogo ina kikomo cha mali ya watu wengine, kilichoandikwa katika hati yake, na dhamira kuu ya bima ile ya lazima ni vifo na majeraha. Kabla ya yote, ihakiki stika yake katika mfumo wa TIRA kupitia simu, ujue kama bima iko hai.

Na usifanye sulhu ya maskani na mwenye kirikuu bila ya kuiarifu kampuni yako. Ikishakulipa, kampuni ina haki ya kumfuata yeye kwa niaba yako. Ukimsamehe au ukichukua chake kimyakimya, umeiharibia haki hiyo, na inaweza kukukatalia dai lote.

Mpemba wa Chake:

Nakubaliana na Bi Ummu Salma, na naongeza habari za njia ya tatu, kwa sababu mimi nilifika huko. Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliundwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009, sheria ambayo inatumika Tanzania Bara na Zanzibar pia, na mlalamikaji halipi kitu. Hata hivyo, hawakupokei kabla hujalalamika kwanza kwa kampuni yenyewe na kupata jibu lake, au kunyimwa jibu. Kwa hivyo njia ya pili na ya tatu si njia mbili za kuchagua. Ile ya pili ni mlango wa kuingilia ya tatu, na barua utakayoiandika wiki hii ndiyo itakayokuwa ukurasa wa kwanza wa jalada lako huko mbele. TIRA nayo ina ofisi hapa Zanzibar, na malalamiko juu ya mwenendo wa kampuni, kama vile kucheleweshwa au kunyimwa ripoti, yanafaa kupelekwa huko.

Kwetu Pemba ugumu ni bahari. Mkadiriaji alitakiwa avuke kutoka Unguja, akachelewa, na kampuni ikapendekeza nilivushe gari kwenda gereji yao kwa gharama yangu. Nilikataa kwa barua, nikawaonesha kwamba mkataba haukunilazimisha hivyo, na mwisho wakakubali gereji ya hapa Chake Chake. Lau ningekataa kwa simu tu, nisingekuwa na cha kuonesha. Mahakamani sikushauri kwa kiasi hiki cha fedha.

Dereva wa Utalii:

Nimesoma na nimeelewa. Kwa 600,000 zinazotegemea fenda iliyoota kutu ya siku 12, na mimi ningebishana. Nabaki na msimamo wangu kwa tofauti ndogo.

Mkaazi wa Kwahani:

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tatu. Siku ile ile niliandika barua, nikaipeleka kwa mkono na nikagongewa muhuri katika nakala yangu. Sikusaini hati ya malipo. Niliomba picha za ukaguzi wa awali, ripoti ya mkadiriaji, na ukaguzi wa pili bampa likiwa limefunguliwa. Niliambatanisha picha nilizopiga Mwanakwerekwe dakika chache baada ya ajali, ambazo zinaonesha chuma cha fenda kikiwa cheupe.

Picha zao za awali zilionesha fenda nzima. Mkadiriaji wa pili alisugua kutu, akapima urefu kama Fundi alivyoeleza, na akakubali fenda, kiunzi na rangi yote. Kifungu cha uchakavu nimekikuta katika hati, robo kwa kila spea, kwa hivyo hapo sikubishana. Spea zote ni 1,200,000, zimebaki 900,000. Rangi na kunyosha ni 400,000, na baada ya kutoa eksesi nitalipwa 1,100,000 badala ya 600,000. Nimewaandikia pia kwamba watakapomdai mwenye kirikuu waijumuishe eksesi yangu, na wamejibu kwamba watafanya hivyo, bila ya kuahidi lini.

Gari limeingia gereji jana. Fenda ya zamani nimemwambia fundi aiweke mpaka fedha zifike.