Duka lataka niwaachie kompyuta nzima na waranti yaelekea kuisha, nifanyeje jamani?

BintiTudor
Assalaam aleykum wana jukwaa. Naombeni ushauri wa haraka maana kichwa chanipasuka. Nilinunua desktopu mpya, boksi limefungwa, duka la hapa hapa Mombasa mjini silitaji jina, i5 ya kizazi cha 12, ramu 16, grafiksi kadi, SSD ya Windows na diski kubwa ya TB 4. Risiti ya ETR ninayo, waranti mwaka mmoja na yaisha mwezi ujao. Karibu tangu niinunue hii mashine yazimika ghafla. Haitoi onyo haiandiki chochote, niko katikati ya kazi mara pap, skrini nyeusi na feni kimya, na nikibonyeza swichi haiwaki mpaka nichomoe waya wa stima kwa nyuma nisubiri kidogo ndo ikubali. Nshaipeleka mpaka yule kijana wa kaunta anijua kwa jina, na kila nikiipeleka wao huweka Windows upya, wanaiwasha pale yacheza YouTube, wananambia dada mashine yako nzima. Nikirudi nyumbani hadithi ni ile ile. Sasa wamesema niwaachie wiki mbili waipeleke kwa mafundi wao Nairobi. Kuwaachia nzima siwezi. Swali langu ni moja tu: nikifungua kifuniko cha ubavuni, kile chenye stika ya "ikichanika hakuna waranti", nikatoa diski moja, waranti imekufa ama ipo?

Mla Viazi Karai
Ikienda Nairobi itarudi yaongea sheng. Usiitoe kisiwani hata kidogo 😂

Fundi_Makupa
Waaleykum salaam dada. Hebu tulia kwanza. Ingekuwa prosesa ya Intel kizazi cha 13 au 14 ningekwambia tuanzie huko, maana zile kubwa kubwa zilikuwa na tatizo la kuyumba na 2024 Intel wenyewe wakatoa marekebisho ya BIOS, ile programu inayoiwasha mashine, na kuongeza waranti miaka miwili. Yako ni ya 12, haimo. Jibu liko hapo uliposema haiwaki mpaka uchomoe waya. Hiyo ni pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, inajilinda. Ikiona umeme unaenda kombo ndani, ama mzigo umezidi, inajifunga na inabaki imejifunga hadi ikose stima kabisa ndo isahau. Windows haina mkono hapo, hata wakiiweka upya kila Ijumaa. Na YouTube si kipimo, hiyo haigusi hata robo ya nguvu ya mashine. Waambie waipe mzigo prosesa na grafiksi kadi pamoja kwa saa moja, ama wabadilishe pawa saplai tu uende nayo nyumbani. Nyumbani yazimika ukifanya kazi gani?

BintiTudor
Nikiekspoti picha nyingi kwa pamoja, ama nikikopi mafaili makubwa. Nikiandika barua tu haizimiki.

Fundi_Makupa
Basi ndiyo hiyo. Kazi yako nzito, kipimo chao chepesi.

Mzee wa Feri
Mwanangu hawa vijana watakwambia pawa saplai lakini mimi nimekaa Likoni miaka na nakwambia adui ni hewa ya bahari. Mimi nilikuwa na kompyuta nimeiweka dirishani upande wa maji, nilipokuja kuifungua skrubu zote kutu, na ile miguu ya dhahabu ya ramu imefanya ukungu wa kijani, nikatwaa raba ya mtoto ya kufutia penseli nikasugua taratibu, ikawaka kama siku ya kwanza. Alafu na stima zetu hizi, leo iko 240 kesho hujui ni ngapi, friji yangu ilikufa hivi hivi, fundi akaja akasema ni gesi, akala hela ya gesi, akarudi akasema ni kompresa, akala hela ya kompresa, kumbe ni soketi imeungua kwa nyuma. Ile friji mpaka leo iko kibarazani nawekea kuku. Umepima soketi yako? Friji na kompyuta ziko ekstensheni moja?

WakiliWaMtaani
Dada, wewe unauliza stika na wenzako wanakujibu friji. Sikiza. Katiba kifungu cha 46 kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Tuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012. Pia kuna Mahakama ya Madai Madogo, Mombasa ipo, inasikiliza mpaka shilingi milioni moja, huhitaji wakili na kesi yatakiwa iishe ndani ya siku 60. Andika barua ya madai leo, wape siku 14, wakipuuza nenda kafungue kesi. Mambo ya kuchomoa madiski achana nayo.

Salt_n_Pili
Hizo stika za waranti wala hazina nguvu. Kule Marekani FTC, wale wa serikali wanaolinda wateja, waliziandikia kampuni barua 2018 kuzionya kwamba huwezi kumnyima mtu waranti kwa sababu kafungua tu.

WakiliWaMtaani
Salt_n_Pili nenda basi kamshtakie FTC pale Digo Road tuone atakuja na matatu ya ngapi.

Ummu_S
Mie sielewi kitu kimoja. Mwanangu BintiTudor, hawa wanasema tupe tuitazame, na pengine huko Nairobi ndiko wenye vifaa. Kwa nini huwezi kuwaachia? Kuna nini humo?

BintiTudor
Ni mambo ya kazi tu mama.

Mla Viazi Karai
Kazi gani hiyo isiyotaka kuonekana. Bitcoin? Ama ni majibu ya KCSE? 👀

Fundi_Makupa
Mla Viazi mwache. Lakini dada Bi Ummu kauliza la maana. Sisi hatuwezi kukushauri utoe diski au usitoe bila kujua ni kitu cha aina gani. Kama ni makaratasi ya ofisi kuna njia nyingine.

BintiTudor
Haya niseme basi. Mimi ni mpiga picha wa harusi, wa wanawake tu. Usiku wa hina, usiku wa kupamba. Nyinyi wa hapa mwajua, mlangoni mabuibui yanavuliwa, simu zinakusanywa kwenye kikapu, mwanamume haingii hata wa kuleta soda. Mtu wa pekee mwenye kamera mule ndani ni mie na huitwa kwa sababu naaminika. Ile diski ya TB 4 ni harusi tupu za watu, mabibi harusi, mama zao, mashangazi, vichwa wazi, wanacheza chakacha. Na mafundi wa lile duka wote ni wanaume. Sasa niambieni nimkabidhi nani.

Ummu_S
Subhanallah. Ungesema mapema. Hapo umesema kweli, na mie nimo katika picha za mtu kama hizo, sijui ni wewe.

Kifungua Kanwa
Mie nitasema ukweli hata mkichukia. Picha za wake za watu kuzirundika miaka kwenye diski ni kutafuta fitina. Ukishawapa picha zao futa. Amana hairundikwi.

BintiTudor
Mwezi uliopita dada mmoja nyumba yake iliingia maji akaja kuniomba picha za harusi ya mwaka juzi, nikampa, akalia. Ningefuta ningempa nini? Usinihukumu kwa kazi usiyoijua kaka.

WakiliWaMtaani
Jamani na hapa kuna sheria nyingine. Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Picha ya mtu ni data yake, na wewe uliyezishika una wajibu wa kuzilinda. Kwa hiyo huo msimamo wako wa kutowaachia una mashiko, uandike kwenye ile barua.

Salt_n_Pili
Si ununue diski ya nje ukopi zote, alafu uifute hiyo uwapelekee?

Fundi_Makupa
Salt, soma juu. Amesema ikikopi mafaili makubwa yazimika. Ukikopi TB 4 mashine ikazimika katikati waweza kuharibu na hizo zenyewe. Na kufuta kwa kawaida si kufuta, mtu mwenye programu ya bure ya kurudisha mafaili anazirudisha akinywa chai. Labda ufanye fomati kamili, si ile ya haraka, inayoandika upya diski yote, na kwa TB 4 hiyo ni saa saba nane mashine ikiwa macho. Mashine hii haiwezi. Njia safi ni kuitoa diski yenyewe. Nyaya mbili na skrubu nne, basi. Windows iko kwenye SSD, kwa hiyo mashine itawaka vizuri tu bila hiyo na wataipima watakavyo. Kabla hujagusa lakini, waandikie duka, hata WhatsApp, uwaambie nataka kutoa diski ya data, au mnitolee nyinyi mbele ya macho yangu. Wengi hukubali, hiyo stika imewekwa kwa ajili ya watu wanaobadilisha ramu nzuri kwa mbovu.

Mzee wa Feri
Na kama diski imekaa upande wa dirisha angalia miguu yake, kama ina ukijani usichomoe kwa nguvu.

BintiTudor
Haina ukijani, inang'aa.

Fundi_Makupa
Umeionaje?

Mla Viazi Karai
🍿

Fundi_Makupa
Dada stika ipo?

BintiTudor
Stika ipo.

Fundi_Makupa
Ipo vile ilivyotoka dukani, ama ipo tu?

BintiTudor
Kijana wa dadangu aliipasha na draya ya nywele ikabanduka yenyewe bila kuchanika, akafungua, akatoa diski, tukairudisha pale pale. Labda uiangalie kwa tochi ndo utaona pembe moja imenyanyuka. Diski iko kabatini kwangu imevingirishwa kwenye kanga. Na msinilaumu, wao wenyewe wameandika "ikichanika", na haikuchanika. Kesho ndo siku waliyonambia niilete, ningeenda nayo nzima?

WakiliWaMtaani
Kumbe hukuja kuuliza ushauri, ulikuja kuuliza kama utashikwa.

Kachumbari_Kali
Mimi nimesoma tangu juu nimenyamaza lakini huu uzi ni wa kutunga. Moja, unasema umeipeleka dukani mpaka wanakujua kwa jina, hizo safari zote picha zilikuwa wapi, mbona hukuogopa? Mbili, nimeingia kwenye akaunti yako, mwezi wa nne kwenye uzi wa mpira uliandika, nanukuu, "mke wangu ananinunia tukifungwa". Leo wewe ni BintiTudor mpiga picha wa kupamba. Sasa kama mwanamume ndiye mwenye diski ya wanawake vichwa wazi, hilo ni jambo lingine kabisa.

Kifungua Kanwa
Ehee! Nilisema mimi.

Salt_n_Pili
Hii lazima ni mtu anasaka mada ya video yake ya TikTok.

BintiTudor
Wallahi watu mna muda. Safari za mwanzo picha zilikuwa kwenye diski ya nje, nyumbani, kwenye mashine hapakuwa na kitu. Ile ya nje ilipojaa ndo nikaanza kuweka kwenye ya ndani, na safari hii ndiyo ya kwanza inatoka nyumbani zikiwa mle. Na akaunti ni ya mume wangu, mie nimebadilisha jina tu maana yangu nimesahau nywila. Huyo wa kununa ndiye mie, hununa kweli, maana wakifungwa yeye mume hali chakula.

Kachumbari_Kali
Jibu la haraka sana hilo. Mumeo anashabikia timu gani?

BintiTudor
Hiyo ya jezi nyekundu.

Mla Viazi Karai
Nyekundu ipi, Arsenal, Liverpool ama Man U? 😂😂

BintiTudor
Kwani ziko ngapi?

Mla Viazi Karai
Kachumbari kubali yaishe. Hilo jibu hakuna mwanamume duniani anaweza kulitunga.

Mzee wa Feri
Haha nimecheka mpaka bibi ameniuliza kuna nini. Ni mke huyo.

Kachumbari_Kali
Bado sijaamini. Ngoja tuone mwisho wa uzi kama hatutaletewa namba ya fundi fulani tuambiwe mpigieni ni mzuri.

Fundi_Makupa
Turudi kwenye mashine. Tangu mtoe diski imezimika tena?

BintiTudor
Jana niliekspoti harusi moja ndogo kutoka kadi ya kamera. Ikazimika. Nikachomoa waya, ikawaka.

Fundi_Makupa
Haya, basi si diski. Usiku huu fanya hivi. Chukua simu, piga video ukiekspoti mpaka ikizimika, onyesha saa ukutani, onyesha unabonyeza swichi haiwaki, onyesha unachomoa waya, unarudisha, yawaka. Chukua mara ya pili iko kwenye soketi ya chumba kingine bila ekstensheni, hapo Mzee wa Feri hajakosea, watakwambia ni stima ya kwako uwe na jibu. Kesho ukifika usianze na stika. Waonyeshe video, mwambie mkubwa wao pawa saplai inajifunga, ibadilisheni hapa hapa nikiwa nimesimama, ni kazi ya nusu saa, Nairobi ya nini. Wakiuliza diski iko wapi waambie umeitoa kwa sababu ya data za wateja na namba yake ya siriali ni hii, ipige picha. Usiseme uongo, maana wakiikuta ile pembe kwa tochi yao ndo watakataa vyote.

BintiTudor
Na wakikataa kwa sababu ya stika?

WakiliWaMtaani
Waambie waandike. "Tumekataa kubadilisha pawa saplai kwa sababu diski imetolewa." Kwa karatasi, muhuri, sahihi. Duka haliandiki hivyo, na likiandika hiyo ndiyo kesi yako.

Ummu_S
Mwanangu na kama watang'ang'ania, mie nina mpwa wangu wa kike amesomea mambo haya, yuko Bombolulu, akutengenezee hiyo pawa saplai nyumbani kwako na hizo picha zisionwe na mtu. Njoo inboksi nikupe namba.

Kachumbari_Kali
NILISEMA AMA SIKUSEMA?

Ummu_S
Wewe Kachumbari mie ni mkubwa wako. Sijataja jina wala bei. Kama wataka kutengenezewa na wewe sema, usizunguke.

BintiTudor
Mama Ummu nakuja inboksi. Fundi, video ya kwanza nshapiga, ya pili nasubiri watu walale nihamishe meza chumbani. Kachumbari, mume wangu ameusoma uzi wote na anasema Jumamosi mechi ikiisha atakujibu mwenyewe, akiwa anakula.