Scopus, Google Scholar au Web of Science: niandike ipi kwenye fomu ya cheo?

Mwana_Nyegezi: Wakuu, salaam. Nafundisha kemia isokaboni hapa Mwanza, naomba kupanda cheo. Fomu ina kisanduku kimoja tu cha idadi ya nukuu (mara ngapi makala zangu zimetajwa kwenye makala nyingine) na h-indeksi (kipimo kinachounganisha idadi ya makala na nukuu zake). Google Scholar inanipa nukuu 143, h 7. Scopus 88, h 5. Web of Science 71, h 5 (hizi mbili nilimwomba rafiki aliye Dar anichungulie, sisi hatujalipia). Mtu ni yule yule. Niandike ipi bila kuonekana tapeli?

Mkutubi: Pole, mwalimu. Hakuna anayekudanganya. Zote tatu hukusanya makala za kitaaluma na kuhesabu nukuu zake, ila kila moja inahesabu kapu lake. Web of Science ndiyo yenye mizizi mirefu, inatokana na faharasa ya Eugene Garfield ya 1964, na huchagua majarida kwa ukali. Scopus ya Elsevier ilianza 2004, kapu lake ni pana zaidi. Google Scholar nayo ni ya 2004, lakini huokota hata tasnifu na PDF iliyopandishwa na mwanafunzi. Majarida yetu mengi ya nyumbani utayakuta huko tu, kwa hiyo usiidharau. Ila pitia wasifu wako wa huko vizuri, usije ukawa umebandikwa makala za mtu mwingine. Majina yetu yanafanana, na ile programu haijui ukoo wa mtu.

Dagaa_Kavu: Yaani Google Scholar ni lumbesa 😂 Gunia moja, ukilipima soko la Mwaloni linatoka jingine.

Fuwele: Kamati ikikushupalia kwa namba, wakumbushe habari ya George Sheldrick, yule wa programu za SHELX tunazotumia kutatua miundo ya fuwele. Mwaka 2008 alichapisha makala kwenye Acta Crystallographica A, akasema humo kwamba atakayetumia programu hizo anaweza kuinukuu. Basi kila aliyepiga fuwele yake kwa eksirei akainukuu. Kipimo cha athari cha jarida (wastani wa nukuu kwa kila makala yake ya karibuni) kilikuwa kama 2, mwaka 2009 kikaruka hadi karibu 50! Makala moja tu. Waliochapisha kwenye jarida hilo mwaka ule hawakuwa wamegeuka mabingwa usiku mmoja. Vivyo hivyo jedwali la Shannon la 1976 la nusu-vipenyo vya ioni: watu wanalinukuu hadi leo kwa sababu wanahitaji namba iliyomo. Katika fani yetu, chombo kinachotumika hunukuliwa kuliko wazo.

Mzee_Ligandi: Kijana, h usiitukuze. Aliibuni Jorge Hirsch mwaka 2005, naye ni mwanafizikia. H 7 maana yake una makala saba, kila moja imenukuliwa mara saba au zaidi. Haishuki hata ukilala miaka kumi. Mwenye makala mbili za dhahabu atabaki na h 2 mpaka kaburini. Makala yako inayonukuliwa zaidi ni ipi?

Mwana_Nyegezi: Shikamoo mzee. Ni ile ya zebaki kwenye tope la mto, upande wa wachimbaji wadogo. Wanainukuu watu wa mazingira na wa samaki. Kompleksi zangu za shaba (ioni za shaba zilizoshikwa na molekuli ziitwazo ligandi), zilizonila miaka mitatu, zina nukuu 6, na mbili nimejinukuu mwenyewe.

Mzee_Ligandi: Marahaba. Ndiyo hivyo, sangara ana wateja wengi kuliko ligandi. Weka ya Scopus, kamati nyingi huiamini, na uandike tarehe uliyoangalia. Kisha ambatisha orodha ya makala zote na mchango wako katika kila moja. Tena ueleze kompleksi za shaba kwa kinywa chako.

Fuwele: Mimi ningeweka zote tatu, mzee. Akiweka Scopus pekee, makala za majarida ya hapa nchini zinapotea kana kwamba hakuziandika.

Mzee_Ligandi: Kwenye kisanduku kimoja?

Mwana_Nyegezi: Nitabana maandishi. Lakini jamani, nimepitia wasifu kama alivyosema dada Mkutubi. Kuna makala ya kupe wa ng'ombe, ina nukuu 19! Sijawahi kumgusa ng'ombe kitaaluma. Naitoaje?

Mkutubi: Itie tiki pembeni, kisha bonyeza futa.

Mwana_Nyegezi: Imetoka. Sasa nina 124, na h imekuwa 6.

Dagaa_Kavu: Ungemwacha tu ng'ombe wa watu.