Gamba la kobe limeanza kuoza: ayodini, dawa ya buluu, mafuta ya sangara, gundi au daktari?

Nyegezi_Mawe (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Nyegezi, Mwanza, alihamia Geita na kuniachia kobe ambaye familia yake ilikuwa naye kwa miaka kadhaa. Ni kobe wa nchi kavu, gamba lake ni la manjano lenye madoa meusi kama ya chui, na mizani ya jikoni ilionyesha gramu 2,140. Alikuwa akikaa nyuma ya nyumba kwenye sakafu ya saruji, chini ya bomba linalovuja, akiwa amefungwa kwa waya uliopitishwa kwenye tundu lililotobolewa ukingoni mwa gamba lake.

Nilipomgeuza ili nimsafishe tumbo niliona doa la kijivu lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, karibu na mguu wa nyuma wa kushoto. Nikilibonyeza linabonyea, kama embe lililoiva kupita kiasi, na kidole kinabaki na harufu ya samaki aliyelala. Pale kwenye tundu la waya kuna ufa mfupi, urefu wake kama ukucha wangu wa kidole gumba. Anakula, ingawa si sana.

Nimeuliza watu na kila mmoja amenipa dawa yake. Duka la dawa za mifugo wamenishauri dawa ya buluu ya kupuliza, ile inayotumika kwa vidonda vya ng'ombe. Jirani mwingine anasema nimpake mafuta ya sangara ili gamba lilainike na kung'aa. Shemeji yangu anataka tuzibe ufa kwa gundi ya epoksi. Muuzaji wa duka la dawa za binadamu alinipa chupa ya ayodini na hakusema mengi. Naomba tulinganishe njia hizi kwa uzoefu wa kweli, maana sina fedha nyingi, lakini pia sitaki mnyama huyu afe mikononi mwangu kwa kuwa nilichagua kilichokuwa rahisi.

Fundi_wa_Mitumbwi, Kirumba

Kuhusu gundi nina la kusema, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Natengeneza mitumbwi na boti za faibagilasi, na kanuni ya kwanza tunayomfundisha kijana anayeanza kazi ni kwamba huzibi ubao ulio na unyevu au uliooza. Ukiziba, kiraka kitang'aa kwa nje huku ndani ubao ukiendelea kuwa unga.

Nalisema hili kwa majuto. Miaka michache iliyopita kijana wa mtaani aliniletea kobe aliyegongwa na pikipiki, gamba likiwa limepasuka mgongoni. Nilimwosha kwa maji, nikampangusa, nikaweka kitambaa cha faibagilasi na rezini, yaani gundi yake, siku hiyohiyo, na kila aliyemwona akanisifu. Baada ya wiki tatu alianza kutoa harufu. Nilipoinua kiraka kwa patasi, chini yake kulikuwa na usaha mzito wa rangi ya jibini, na alikufa siku mbili baadaye. Isitoshe, rezini inapokauka hupata joto; mkononi unalihisi, sembuse kwenye mfupa ulio hai. Tafadhali mwambie shemeji yako asubiri.

Mfugaji_Igoma

Mimi nimetumia mafuta ya sangara kwa kobe wangu kwa muda mrefu, na gamba lake linapendeza. Hajawahi kuugua. Sioni ubaya wake, ila wako ana kidonda na wangu hakuwa nacho, kwa hiyo huenda hali si moja.

Daktari_wa_Mifugo, Magu

Ndugu Nyegezi_Mawe, umeeleza vizuri, na maelezo ya harufu na ya kubonyea ndiyo yanayonifanya niandike kwa kirefu.

Gamba la kobe ni mfupa, nao umeungana na uti wa mgongo na mbavu. Juu ya mfupa huo kuna vibamba vya kitu kilekile kinachotengeneza kucha zetu, na kati ya vibamba na mfupa ipo nyama nyembamba yenye damu na mishipa ya fahamu. Kwa hiyo aliyetoboa lile tundu alitoboa mfupa wa mnyama aliyekuwa akihisi maumivu, na akafungua njia kwa bakteria na ukungu. Sakafu yenye maji ilimaliza kazi, kwa sababu gamba la tumboni lililokaa kwenye unyevu na kinyesi mchana na usiku hulainika na kuoza.

Sasa tulinganishe. Mafuta ya aina yoyote, yawe ya sangara, ya nazi au ya mgando, hunasa vumbi na kufungia unyevu chini yake. Kwenye gamba zima hayana faida yoyote zaidi ya mng'ao, na kwenye kidonda ni hatari. Dawa ya buluu ya kupuliza imetengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe iliyochubuka. Inaweza kuua baadhi ya vijidudu vya juu, lakini haipenyi chini ya tabaka lililooza, na rangi yake inakunyima kitu unachokihitaji kuliko vyote, yaani kuona kila siku kama doa linapanuka au linapungua. Mimi nisingeichagua. Gundi imeshaelezwa na fundi vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Kuziba ufa kuna wakati wake, nao ni pale ambapo jeraha limesafishwa na daktari na limethibitika kuwa halina uambukizo. Ufa mfupi kama huo wa ukingoni, usiochezacheza, mara nyingi hauhitaji kuzibwa kabisa.

Inabaki ayodini, na hiyo ndiyo ningeanza nayo ukiwa nyumbani. Ile ya povidoni ya asilimia 10 ichanganye sehemu moja kwa sehemu kumi za maji safi yaliyochemshwa na kupoa, hadi ifanane na chai ya rangi nyepesi. Ikiwa kali zaidi huchoma tishu mpya. Kwanza toa ule waya. Kisha safisha doa kwa mswaki laini na hiyo ayodini, ondoa kile kinachotoka chenyewe tu, usichokonoe kwa kisu wala sindano. Acha dawa ikae dakika chache, kausha kwa kitambaa safi, halafu mwache mahali pakavu. Fanya hivyo mara moja kwa siku. Hidrojeni peroksaidi usiitumie kila siku, kwa sababu inaua pia chembe zinazojaribu kuponya.

Lakini ayodini peke yake haitoshi. Kobe hana joto lake mwenyewe, na kinga ya mwili wake hulegea akiwa na baridi. Mchana apate sehemu yenye nyuzi joto 28 hadi 32 pamoja na kivuli cha kukimbilia, na usiku alale ndani, hasa miezi ya Juni na Julai ambapo hapa kwetu upepo wa ziwani unaingia hadi chumbani. Alale juu ya magazeti yanayobadilishwa kila siku, wala si juu ya mchanga au maranda yanayoganda kwenye kidonda. Maji ya kunywa mpe kwenye sahani ya kina kifupi, na mara mbili kwa wiki mwogeshe dakika 10 hadi 15 katika maji ya vuguvugu, kisha mkaushe kabla ya dawa.

Hata hivyo, kwa kuwa doa lako linabonyea na linanuka, ningependa aonwe na daktari wiki hiihii, kwa sababu hatujui limeingia kina gani. Daktari anaweza kukwangua tabaka lililokufa huku mnyama akiwa amepewa dawa ya maumivu, na kuchukua sampuli ya kupimwa katika maabara ya veterinari ya serikali iliyopo hapa Mwanza, ili ijulikane kama ni bakteria au ukungu na ni dawa gani inayofaa. Ukiona wekundu unaosambaa chini ya vibamba vya tumboni, au akiacha kula, au akilegea miguu, usisubiri hata kesho: huenda uambukizo umeingia kwenye damu.

Nyegezi_Mawe

Daktari, nakushukuru sana. Waya nimeutoa leo asubuhi. Ulikuwa umeota kutu na kuacha alama ya rangi ya udongo ndani ya tundu. Nina swali moja. Yule wa duka la dawa za mifugo aliniambia pia nimchome ivermectini kidogo, kwa sababu nilimkuta na kupe wawili shingoni. Je, ni sawa?

Daktari_wa_Mifugo, Magu

Hapana, hapana kabisa. Ivermectini, ambayo ng'ombe na mbuzi wetu wanachomwa kila msimu bila shida, inaweza kumpooza kobe na kumuua, hata kwa kipimo kidogo. Vivyo hivyo usimwogeshe kwa dawa ya josho. Kupe watoe kwa kibano, ukimshika karibu na ngozi na kumvuta polepole bila kumpasua.

Na ikiwa daktari atakayemwona atataka kumchoma sindano ya antibiotiki, muulize kama amewahi kutibu kobe. Kwa kawaida tunachoma miguu ya mbele, kwa sababu damu inayotoka nusu ya nyuma ya mwili wa kobe inaweza kupita kwenye figo kabla ya kuzunguka, na dawa nyingine ikapotea huko au ikaziumiza figo. Wapo madaktari wazuri wa mifugo ambao hawajawahi kukutana na kobe, na si aibu kwao kuwapigia simu wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro.

Mama_Bwiru

Wanangu, mmeongea sana kuhusu dawa na hakuna aliyeuliza kobe huyo alikuwa akila nini. Nimekaa na kobe miaka kumi na moja hapa Bwiru, na wa kwanza nilimpata gamba lote likiwa laini kama ndala ya mpira, si doa moja tu. Alikuwa amelelewa kwa ugali na vichwa vya dagaa. Huo haukuwa uozo, ni upungufu wa kalsiamu na jua, na ayodini isingemsaidia hata ningemmwagia chupa nzima. Kwa hiyo bonyeza na sehemu nyingine za gamba, mgongoni na pembeni, ili ujue una tatizo moja au mawili.

Wangu nilimponya kwa nyasi, majani ya matembele kwa kiasi, maua na majani ya mihibiskasi, na mpungate uliochomwa miiba, ambao anaupenda kuliko kitu chochote duniani. Juu yake namnyunyizia unga wa makombe ya konokono, yaleyale ya ziwani tunayosagia kuku. Kisamvu kibichi usimpe, kina sumu. Mchicha mara mojamoja tu. Na jua liwe jua la nje, kwa sababu linalopita kwenye kioo cha dirisha haliujengi mfupa.

Ilichukua karibu mwaka gamba likawa gumu. Umbo lake halikunyooka tena, amebaki na vilima mgongoni kama mawe yetu ya Mwanza, lakini anatembea na anakula. Watoto wakimshika wanawe kwa sabuni, kobe hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata akiwa mzima.

Mdau_wa_Pasiansi

Naongeza jambo moja ambalo linahusu matibabu moja kwa moja. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kobe wa porini hafugwi bila kibali. Watu wengi wanaogopa kumpeleka kobe kwa daktari kwa sababu hiyo, mnyama anaozea uvunguni. Nenda mwenyewe ofisi ya wanyamapori, eleza kwamba umeachiwa akiwa mgonjwa. Na usimwachie vichakani ukidhani unamsaidia. Akiwa na kidonda hatapona huko, na anaweza kuwaambukiza kobe wengine.

Nyegezi_Mawe

Shikamoo Mama Bwiru, na wengine wote nawasalimu. Narudi baada ya wiki sita.

Niliripoti ofisi ya wanyamapori siku ya pili. Waliniandikia niendelee kumtunza hadi matibabu yatakapokwisha, kisha wataamua. Daktari alikwangua doa, na chini yake uozo ulikuwa umeingia kwenye mfupa kwa kina cha punje ya mchele. Ilinishtua, kwa sababu kwa juu lilionekana dogo. Sampuli ilionyesha bakteria, akachomwa sindano mguu wa mbele kwa wiki mbili, nami nikaendelea na ayodini kila asubuhi, na baadaye nikaambiwa nipake krimu ya fedha salfadiazini, ile ya watu walioungua moto. Ufa hatukuuziba. Shemeji alikuja kuuangalia Jumapili na akakubali kwamba haujasogea.

Nilibonyeza sehemu nyingine kama Mama alivyosema, zote ni ngumu, isipokuwa ukingo wa nyuma ambao bado una ulegevu kidogo, hivyo makombe ya konokono yanaendelea.

Kwa wenye kobe wa namna hii, gharama kubwa ilikuwa ya daktari na maabara. Ayodini, magazeti na jua havikunigharimu kitu cha kulalamikia. Lakini kama ningeishia kwenye ayodini tu, nisingejua kile kilichokuwa chini.

Leo asubuhi kibamba kilichokufa kilibanduka chenyewe nilipokuwa nikimkausha, chembamba kama ganda la kitunguu. Chini yake pana rangi ya maziwa, pakavu, hapabonyei, na nimenusa mara tatu bila kusikia harufu. Mizani inasema gramu 2,230. Daktari, je, niendelee na krimu au niache papate hewa?

Daktari_wa_Mifugo, Magu

Acha krimu, papate hewa. Ayodini mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja zaidi, na magazeti usiyaondoe kwanza. Kuwa pakavu, hapabonyei na hapanuki ni dalili njema. Nitumie picha kila Jumamosi.