Trekta la yadi linarukaruka kati ya seli mbili, picha inaganda. Nianzie wapi?

Fundi_wa_Gati:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi mtu wa Unguja, nafanya kazi bandarini huku Ghuba, upande wa mtandao. Yadi yetu ya makontena ina 5G yake, seli sita, kila moja na antena yake, zilizofungwa kwenye nguzo za taa, na kuna matrekta ambayo dereva wake amekaa ofisini anaendesha kwa kutazama kamera. Shida iko njia ya katikati, baina ya seli 3 na seli 4. Trekta linahamia 4, halijatulia linarudi 3, mara 4 tena. Kila hendova (kuhama seli) picha inakatika kidogo, na mfumo wa usalama umepangwa hivi: picha ikikosekana robo sekunde, breki zinajifunga. Madereva wamechoka, na mimi ndiye ninayepigiwa simu.

Mipangilio ya sasa ni tukio A3 (kuhama seli jirani ikiizidi ya sasa), ofseti (tofauti inayotakiwa) 1 dB (desibeli), histeresisi (nyongeza ya kuzuia kuyumba) 1 dB, TTT (muda tofauti hiyo idumu kabla ya kuhama) 40 ms. Naomba mwongozo. Sitaki kutibu njia ya katikati nikaharibu kwingine.

Simba_wa_Mawimbi:
Hiyo pingi-pongi tu mkuu. TTT ya 40 ni ndogo mno, hata gari likipita mbele ya antena modemu ya trekta inadhani dunia imebadilika. Weka 640, histeresisi 3, kazi imeisha.

Dada_RF:
Waalaykum salaam kaka. Tafadhali usiweke 640.

Kazi yangu ni kupanga na kurekebisha mitandao ya simu, na ushauri wa Simba unafaa kwa mtu anayetembea mtaani na simu mfukoni. Yadi ya makontena haiko hivyo. Makontena matano juu kwa juu ni ukuta wa chuma wa karibu mita 13. Trekta likikata kona ya ukuta huo, seli liliyokuwa linaiona ana kwa ana inapotea mara moja. Desibeli 15 au 20 zinaweza kuondoka ndani ya mita chache. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, milisekunde 640 ni mita nne na nusu. Na kumbuka, amri ya kuhama hutolewa na seli ya zamani. Ikiwa tayari imefunikwa na ukuta, modemu haitaisikia amri. Kipima muda cha T310 kinaanza kuhesabu, kikiisha modemu inakiri kwamba kiungo kimekufa na kuanza kutafuta seli upya. Ulikuwa unapoteza makumi ya milisekunde, sasa unapoteza sekunde nzima au zaidi, tena konani, mahali ambapo mtu anaweza kuwa anavuka kwa miguu. Hilo linanitisha kuliko picha kuganda kwenye njia iliyonyooka.

Kwa nini inaruka? Kwa A3, seli 4 lazima iizidi 3 kwa ofseti pamoja na histeresisi, yaani 2 dB. Kurudi nako ni 2 dB. Jumla una dirisha la 4 dB tu, na kati ya kuta mbili za chuma mawimbi yanayoakisiwa hupandisha na kushusha kipimo zaidi ya hapo. Modemu inatii ulichoiandikia.

Mimi ningeanza na kichujio cha vipimo cha tabaka la tatu, kile kinachochanganya kipimo kipya na vya nyuma. Thamani ikiwa 4, kipimo kipya hubeba nusu ya uzito. Ikiwa 8, robo. Fanya hesabu, seli zikiwa zinalingana: mtikisiko wa 4 dB wa kipimo kimoja ukipita kwenye robo unabaki 1 dB, hauwezi kuamsha hendova. Lakini anguko la 20 dB la konani linaonekana kama 5 dB kwenye kipimo cha kwanza tu, na hilo linatosha kuvuka mpaka wako wa 2 dB. Kwa hiyo kichujio kinatofautisha mtikisiko na anguko la kweli. TTT haiangalii ukubwa wa badiliko, inachelewesha vyote viwili sawasawa. Ipandishe kidogo tu, 100 au 128, uiache hapo.

Baada ya hapo gusa CIO (ofseti ya seli jirani mojamoja) ya jozi ya 3 na 4 peke yake. Weka -2 kwa pande zote mbili, dirisha litatoka 4 dB hadi 8 dB, na jozi nyingine hazitajua kama umepita. Angalia sana alama: ukiweka -2 upande mmoja na +2 upande wa pili, utakuwa umesogeza mpaka tu, dirisha halijaongezeka hata kidogo.

Ila kabla ya kugusa chochote, chukua logi za RSRP (nguvu ya mawimbi) za seli zote kwenye njia ile, uzilete hapa.

Fundi_wa_Gati:
Ahsante sana dada. Nimepata logi. Seli 3 na 4 zinakimbizana ndani ya 3 dB karibu njia nzima. Kilichonishangaza ni seli 6, iko mwisho kabisa wa yadi, lakini katikati ya njia inachomoza na mara nyingine inashika namba moja. Konani kwa sasa hakuna kiungo kinachokufa.

Dada_RF:
Hiyo 6 ndiyo ya kwanza kushughulikia. Njia ndefu kati ya safu mbili za makontena hupeleka mawimbi mbali sana. Pandeni nguzoni mkaitazame antena, nadhani imelala usawa. Iinamisheni. Seli ya tatu ikiingilia kati ya wawili wanaolingana, hakuna parameta itakayowatuliza.

Halafu hesabu mambo mawili pamoja kila zamu: mara ngapi trekta limerudi seli lilikotoka kabla ya sekunde 1, na mara ngapi kiungo kimekufa konani. Ripoti yenye namba ya kwanza peke yake usiipokee.

Mzee_wa_Kebo:
Mie nauliza, kwa nini hapo pawe na seli mbili? Unganisha redio za 3 na 4 ziwe seli moja, kitambulisho kimoja. Trekta litapita njia nzima bila hendova.

Dada_RF:
Mzee shikamoo. Hoja yako nzito, na kama vifaa vyao vinaruhusu ningeipenda kuliko CIO. Tatizo ni kwamba hapa video inapanda kutoka kwenye trekta kwenda mtandaoni. Matrekta manne ya megabiti 10 kila moja ni 40 za kupanda, na mitandao mingi ya TDD (kupanda na kushuka kwa zamu kwenye masafa yaleyale) imegawiwa nafasi nyingi za kushuka kuliko za kupanda. Ukiunganisha seli, wote wanagawana bakuli moja. Fundi, angalia mgao wenu wa TDD kwanza.

Kwa kona, mwulize mtengenezaji wa modemu, kwa maandishi, kama anatoa hendova ya masharti ya Toleo la 16 la viwango vya 5G. Modemu hupewa maelekezo mapema, seli ya zamani ikiwa bado inasikika, kisha inahama yenyewe sharti likitimia. Uliza pia kuhusu DAPS, ile inayoshikilia seli ya zamani mpaka ya mpya ikubali. Asikujibu "tuna Toleo la 16" ukaridhika. Vipengele hivyo ni vya hiari.

Fundi_wa_Gati:
Tumeinamisha 6, haionekani tena njia ya katikati, na kurukaruka kumepungua sana. Kichujio nimeweka 8 kwa trekta moja la majaribio, TTT 100. CIO bado sijaigusa. Swali dogo: safu za makontena hapa zinahamishwa kila zamu. Konani nipime lini?

Dada_RF:
Pima yadi ikiwa imejaa, safu zikiwa juu kabisa, halafu pima tena meli ikishapakia na safu zimepungua. Ukipata mpangilio unaovumilia hali zote mbili, weka huo kwa matrekta yote.