Mdogo wangu kaambiwa abadili anavyokanyaga akikimbia, hii ni sawa kweli?

DadaWaBabati
Habari zenu wakuu, naombeni msaada hili jambo linaninyima raha. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, anakimbia nusu marathon, anafanya mazoezi Arusha na wenzake na muda wake ulikuwa unazidi kuwa mzuri bila kuumia popote. Sasa katokea jamaa mmoja anajiita mtaalamu wa baiomekaniki, yaani sayansi ya mwendo wa mwili, kamrekodi kwa simu, kamwonyesha video ya polepole, kamwambia unatua na kisigino, mguu wa kulia unautupa nje, ukiendelea hivi hufiki popote, uanze kutua na mbele ya mguu, upige hatua 180 kwa dakika na ununue viatu vya kaboni maana siku hizi bila hivyo hakuna anayeshinda. Dogo kameza yote. Kashaanza kukimbia kwa vidole na usiku namwona anajikanda vigimbi hata kulala shida. Mimi si mtu wa michezo ila naona kama tunaharibu kitu kilichokuwa kizima. Hiyo sayansi ipo? Hao mabingwa nao hufanyiwa hivi? Hela ya viatu tutajibana tutafute kama kweli vinasaidia, ila nataka kujua kwanza.

fizio_kaskazini
Dada pole sana. Kwanza mwambie leo leo aache hilo zoezi la vidole, arudi kwenye mwendo wake, apunguze kilomita mpaka vigimbi vipoe.

Sayansi ipo tena nzito, tatizo ni huyo jamaa kachukua kipande. Ukihama kutoka kisigino kwenda mbele ya mguu mzigo haupotei, unahama tu, unapungua kwenye goti unaongezeka kwenye kigimbi na ile kano nene ya juu ya kisigino, na kano inachukua miezi kuzoea, haiwezi kuzoea wiki mbili. Ndo maana anajikanda.

Hii habari ya kutua na mbele ilipamba moto 2010 baada ya Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake kuandika kuhusu watu waliozoea kukimbia peku, wakiwemo wa Bonde la Ufa kule Kenya, kwamba wengi wanatua na mbele ya mguu. Watu wakaishika kama dini. Lakini 2013 ukatoka utafiti mwingine wa jamii ya Wadaasanach, kaskazini mwa Kenya hapohapo, nao wanatembea peku maisha yao yote, na wengi wao wakikimbia kwa mwendo wao wa kawaida walikuwa wanatua na kisigino. Na London 2017 kwenye marathon ya mashindano ya dunia, ile ambayo Simbu wetu alichukua shaba, watafiti walirekodi wakimbiaji mzunguko kwa mzunguko wakakuta wengi, wanaume kwa wanawake, wanatua na kisigino. Hao ni watu wa mashindano ya dunia dada, sio wa mchangani. Sasa mtu anawezaje kumwambia kijana hufiki popote kwa sababu ya kisigino?

Hiyo 180 nayo ilitokana na kocha Jack Daniels kuhesabu hatua za wakimbiaji kwenye Olimpiki ya Los Angeles 1984, akaona karibu wote wanavuka 180. Ye aliona, watu wakageuza sheria. Kwenye mashindano ya dunia ya kilomita 100 ya mwaka 2016 walipimwa watu 20 wa juu, wastani ukaja kama 182 lakini kuna aliyekuwa na 155 na kuna wa 203. Wote wazuri.

Mzee wa Trakti
Msiwakatishe watu tamaa na vipimo jamani. Kuongeza hatua kidogo kunasaidia, kuna utafiti wa Wisconsin wa 2011 ulionyesha mtu akiongeza asilimia 5 hadi 10 juu ya hatua zake mwenyewe, kwa spidi ileile, goti na nyonga zinapumua kabisa. Mimi nina vijana magoti yao yametulia kwa njia hiyo.

fizio_kaskazini
Mzee hapo nakuunga mkono kabisa, nami hutumia. Ila umesema mwenyewe, juu ya hatua ZAKE, na kwa mwenye shida ya goti. Huyu dogo hakuwa na shida yoyote.

Rift_254
Sasa dada, mimi niko Iten, mji wa wakimbiaji huku Kenya, wacha niongee ya viatu. Hivi vitu vinasaidia, hakuna kudanganyana. Zile Vaporfly za kwanza, viatu vya kaboni vya Nike, zilipimwa Colorado kule Marekani 2017, wakimbiaji 18, wakapata kwa wastani mtu anatumia nguvu kidogo kwa asilimia 4 hivi kuliko viatu vingine vya mashindano. Na kila mtu anafikiri ni ile plati ya kaboni, bamba gumu ndani ya soli, inasukuma kama springi, lakini baadaye watafiti wa Massachusetts waliikata hiyo plati wakapima tena na tofauti ikawa kidogo sana, kumaanisha kazi kubwa ni hiyo sponji nyepesi inayorudisha nguvu, na vile kiatu chote kimeundwa. World Athletics, shirikisho la riadha duniani, nao 2020 wakaweka mipaka, soli ya barabarani isizidi milimita 40 na plati iwe moja tu.

Lakini hapa ndio pointi yangu. Asilimia 4 ni wastani. 2023 kulitoka utafiti wa Wakenya 7 wa kiwango cha dunia, wakapimwa na viatu vya kaboni dhidi ya kiatu flati, kile cha mashindano cha soli nyembamba, na kuna mmoja aliokoa karibu asilimia 11, na kuna mwingine alipoteza karibu hiyo hiyo. Yaani kiatu kimoja kinabeba mwenzako kinakuangusha wewe, na nyinyi wawili mnakimbia kundi moja kila asubuhi. Kwa hivyo asinunue kwa sababu fulani anazo. Aazime za mwenzake wa saizi yake, akimbie nazo siku moja ya mazoezi ya spidi, siku nyingine kama hiyo atumie zake, alinganishe muda na mapigo ya moyo. Si maabara lakini ni bora kuliko kukisia. Na hizi barabara zetu za murram asizikimbilie nazo kila siku, zinaisha haraka na mguu hautulii vizuri kwa soli nene.

Kocha_Mbulu
Nami niongeze kuhusu ile video maana hapo ndipo mnapoibiwa. Simu nyingi zikiwa kwenye mpangilio wa kawaida zinapiga picha 30 kwa sekunde. Mguu wa mkimbiaji wa masafa unagusa chini kama sehemu mbili za kumi za sekunde, kwa hiyo unapata picha sita hivi za mguu ukiwa chini, na ule wakati hasa wa kutua unaweza kuangukia katikati ya picha mbili usiuone kabisa. Mtu akisimama pembeni kidogo badala ya usawa wa mkimbiaji, mguu uliotua sawa utauona umekaa upande. Kwenye maabara wana kamera za picha mia mbili na zaidi kwa sekunde, na chini wamefukia mabamba yanayopima nguvu ya mguu mara elfu moja kila sekunde. Hao ndio wanaweza kusema mguu wa kulia unafanya nini, na wakishapima nao wanakuwa waangalifu.

Mfano ni Usain Bolt. Ana mgongo uliopinda na mguu wa kulia mfupi kidogo. Mwaka 2017 watafiti wa chuo cha SMU kule Texas walichambua mbio zake wakaona mguu wa kulia unapiga chini kwa nguvu zaidi kama asilimia 13, na wa kushoto unakaa chini muda mrefu zaidi kama asilimia 14. Kwa jicho la huyo jamaa wa simu, Bolt angetakiwa anyooshwe. Wale watafiti hawakusema hivyo, walisema huenda huo ndo mwili wake ulivyojipanga na kumnyoosha kungeweza hata kumpunguzia spidi. Mimi kijana akiwa haumwi na muda unashuka, mguu wake siugusi. Naangalia mazoezi, chakula na usingizi.

DadaWaBabati
Asanteni sana, yaani mmenifungua. Nimempigia, kakubali kurudi mwendo wake. Ila kuna kitu kanificha, kumbe viatu vya kaboni ameshaazima na amekuwa akivivaa mazoezi yote, na sasa anasema kuna sehemu juu ya mguu, katikati, karibu na kifundo, inauma akiibonyeza. Nimpake dawa ya kuchua tu?

fizio_kaskazini
Usimchue dada. Asimame kukimbia kabisa kuanzia sasa, hata zile mbio za taratibu. Sehemu hiyo ina mfupa mdogo unaobeba sana, na 2023 madaktari wa michezo waliandika kuhusu wakimbiaji watano walioumia mfupa huohuo wakiwa wanatumia viatu vya kaboni. Haijathibitishwa kwamba kiatu ndicho kilichosababisha, lakini kwa maumivu ya pale hatubahatishi. Inaweza isiwe hivyo kwake, ila ufa wa pale ukiachwa unaweza kumweka nje msimu mzima. Amwone daktari wa mifupa, na eksirei ikitoka safi asiondoke ameridhika maana huo ufa mara nyingi hauonekani kwenye eksirei, aombe MRI au CT, vipimo vya picha vinavyoona zaidi. Amwambie daktari lini alianza kukimbia kwa vidole na lini alianza hivyo viatu, hizo tarehe mbili aziandike kabisa asizisahau.

DadaWaBabati
Sawa, kesho asubuhi naenda naye mwenyewe.