Naomba ushauri: shukrani zetu za jioni zimekuwa za kukariri, na mama anazidi kusahau

MamaWawili

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Tangu mtoto wangu wa kwanza aanze kuongea, kila usiku kabla ya kulala tunakaa kitandani kwao, tunapunguza taa, kila mmoja anamshukuru Mungu kwa jambo la siku ile, halafu tunasali. Haya niliyapata kwa mama yangu. Yeye alikuwa anatushika vidole, kidole kimoja shukrani moja, na ukisema "nashukuru kwa kila kitu" hakubali. Anakuuliza, "Kila kitu ndiyo kipi? Kitaje."

Sasa mama naishi naye. Ana miaka 74, na huu ni mwaka wa tatu tangu aanze kusahau. Daktari alituambia ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu kidogo kidogo, akatueleza kwamba dawa hazitaurudisha nyuma.

Yamenikuta mawili. La kwanza, mwezi uliopita mtoto wa mwisho (ana miaka 7) alisema shukrani zake kwa pumzi moja: "Asante Mungu kwa uhai, afya njema, familia na masomo, amina." Usiku huo alikuwa na homa, paji la uso linachoma, na mimi nimeshika kitambaa cha maji. Akashukuru kwa afya njema, akageukia ukutani. Hapo ndipo nilipojua kwamba hasikii tena anachosema.

La pili linaniuma zaidi. Siku moja nilikuwa namfunga mama vifungo vya sweta. Akaniangalia kwa upole kabisa, akaniuliza, "Mwanangu, mama yako yuko wapi?" Nikamaliza kufunga vifungo. Jioni zamu yangu ilipofika nikasema "nashukuru kwa kila kitu" ili yaishe. Neno lile lile alilotukataza.

Naomba mnisaidie. Nifanyeje shukrani za watoto ziwe za kweli bila kuwageuzia mtihani? Na mimi mwenyewe, nikisema asante huku moyo unavuja, si unafiki huo mbele za Mungu?

Mtulivu

Pole sana dada. Nimesoma hapo kwenye vifungo vya sweta nikaweka simu chini kwanza. Nitarudi.

MwalimuMstaafu

Mama Wawili, pole kwa kumuuguza mzazi.

Nianze na watoto. Mama yako alikuwa amegundua kitu ambacho watafiti walikuja kukisema baadaye. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha matokeo ya majaribio yao: kundi moja la wanafunzi liliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo hadi matano wanayoyashukuru, kundi jingine liliandika yaliyowaudhi. Walioshukuru waliyaona maisha yao kuwa mema zaidi kuliko wale wa maudhi. Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia kuandika kila siku. Lakini Sonja Lyubomirsky na wenzake nao walijaribu kwa wiki 6, na waliopata faida ni walioandika mara moja kwa wiki, si mara tatu. Ukilirudia jambo mno, moyo unalizoea, unaacha kulisikia.

Kwa hiyo mtoto wako hana kosa, amezoea tu. Ningekuwa wewe, ningebakiza sala ya kila siku kama ilivyo, na zile shukrani za kutaja ningeziwekea jioni moja au mbili kwa wiki, na sheria ya bibi irudi: kitaje. Si "familia", bali nani, amefanya nini, saa ngapi. "Nashukuru dada alinisubiri nikifunga kamba za viatu." Mtoto hawezi kulikariri hilo, kwa sababu kesho halipo.

NuruYaAsubuhi

Nakubaliana na Mwalimu, ila nina neno kuhusu maneno ya kukariri. Tusiyadharau. Mimi nilipofiwa na mume wangu, kwa miezi sikuwa na sala yangu mwenyewe hata moja. Nilichokuwa nacho ni yale niliyofundishwa utotoni, niliyoyasema maelfu ya mara bila kufikiri. Yalinibeba. Siku akili ya mtoto wako itakapokuwa giza tupu, atashukuru kuwa na maneno ambayo mdomo unayajua wenyewe. Msimfute "uhai na afya njema", mwongezeeni tu kimoja cha siku hiyo.

Kuhusu unafiki, fungua Zaburi ya 13. Ni aya sita tu. Inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini atamsahau, kisha hata lini, tena hata lini, na inamalizia kwa kuimba wema wa Mungu. Mwimbaji ni yule yule na pumzi ni ile ile. Hakusubiri kilio kiishe ndipo aanze kusifu, wala hakuficha kilio ili asifu vizuri. Dada, mbele za Mungu vyote viwili vina nafasi.

MzeeWaKivulini

Assalaam alaykum binti yangu. Sijui wewe ni wa dini gani na si lazima nijue.

Katika Sura ya 94 Mwenyezi Mungu anasema kwamba pamoja na uzito upo wepesi, na analisema mara mbili mfululizo, aya ya 5 na ya 6. Angalia neno lenyewe: *pamoja na*. Sisi watu ndio tumezoea kusema *baada ya*. Na Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hadi macho yake yakawa meupe kwa huzuni, akasema anamshitakia Mungu huzuni yake. Hakuna aliyemwita asiye na shukrani.

Jingine: Mtume wetu alifundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Nakuuliza binti yangu, lini mara ya mwisho ulimwambia mama yako asante, yeye mwenyewe, usoni? Mgonjwa kila mtu anamhudumia na kila mtu anamwonea huruma, lakini kumshukuru watu wanasahau, kama vile ameshaondoka.

Mpandamiti

Mimi si mtu wa maneno mengi. Toka nje na watoto dakika kumi kabla giza halijaingia. Kila mmoja arudi na kitu kimoja alichokiona, kidogo kuliko kiganja chake. Si "nashukuru kwa jua", jua ni kubwa mno kwa mtoto. Ubawa mmoja. Tone kwenye utando wa buibui, ambalo ukiinama vizuri unaona miti imesimama kichwa chini ndani yake.

Na mama mkalishe dirishani penye kijani. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich aliandika kuhusu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa nyongo hospitalini: waliolala kwenye vyumba vyenye dirisha linalotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Ugonjwa wa mama yako ni mwingine, sisemi mti utamponya. Ila mti haumuulizi mtu anakumbuka nini.

Muuguzi_wa_Zamu

Nimewahudumia wazee wenye tatizo hili kwa miaka, acha niseme ya mama.

Alzheimer kwa kawaida huanza na kumbukumbu za karibuni: jana, asubuhi, jina la mjukuu. Za ujana hukaa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana anakuuliza mama yako yuko wapi. Huenda kichwani mwake yeye bado ni mwanamke mdogo, na binti yake ni mtoto, hawezi kuwa mtu mzima huyu anayemfunga sweta. Hajakukataa. Anakutafuta ukiwa na umri mwingine. Na amekuita mwanangu.

Acheni kumuuliza "unanikumbuka?" Kila swali la namna hiyo ni mlango ambao mikono yake haiwezi kuufungua, na anaona aibu hata kama hasemi. Jitaje mwenyewe unapoingia. Mpe kazi ambayo mikono inaijua, maana ujuzi wa mikono hudumu kuliko majina. Nyimbo pia. Nimeona mzee asiyeweza kumaliza sentensi akimaliza beti tatu za wimbo wa ibada. Na kama kuna harufu aliyoipenda, sabuni fulani, ua fulani, msogezee. Njia za harufu kwenye ubongo zinapita karibu sana na zile za kumbukumbu na hisia. Usitegemee lakini, kwa wagonjwa wengi pua nayo huchoka mapema. Ikikubali, vizuri.

Anachokisahau ni tukio. Ile hali ya moyo aliyoipata pale inaweza kubaki naye kwa muda. Ukimshukuru, baadaye kidogo hatajua kwa nini ametulia, lakini huenda bado ametulia.

Mtulivu

Nimerudi. Nina ombi moja kwa wote tunaoshauri: tusimharakishe. Mimi niliwahi kumwambia rafiki yangu aliyepoteza mtoto "mshukuru Mungu una wengine". Hakunijibu, na hatukuzungumza tena kwa muda mrefu. Shukrani mtu huitoa mwenyewe, haitolewi kwa niaba yake na aliye nje ya msiba. Dada, siku ambayo huna, sema "leo sina". Watoto wakusikie ukisema hivyo. Nadhani hilo litawafundisha ukweli kuliko mbinu zote.

MamaWawili

Ndugu zangu, ni wiki mbili sasa, nimerudi kuwapa mrejesho.

Jumatano ya kwanza nilifanya alivyosema Mtulivu. Zamu yangu ikafika, nikasema, "Leo sina." Kimya. Yule mdogo akaniuliza kama Mungu atakasirika. Nikamwambia hapana, namwambia ukweli. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi chukua moja yangu, mimi ninazo mbili." Alikuwa amemwona konokono akivuka njia baada ya mvua, akasimama kuwazuia watu hadi alipofika majanini. Hiyo ndiyo aliyonipa. Nimelala nayo.

Maneno yao ya zamani tumeyaacha palepale, NuruYaAsubuhi, asante kwa kunizuia.

Kwa mama niliogopa. Nilimwekea taulo zilizofuliwa mapajani, kwa sababu ya lile neno la Muuguzi kuhusu mikono. Nikakaa chini karibu na miguu yake nikaanza kukunja moja. Akaniangalia, akanipokonya, akaikunjua yote, akaanza upya. "Pembe kwa pembe," akasema. Ndivyo alivyokuwa akituambia tukiwa wadogo tukikunja naye mashuka, mmoja huku mmoja kule, na ukikosea mnarudia. Sijamsikia akisema maneno hayo kwa zaidi ya mwaka.

Nikamwambia, "Asante kwa kunifundisha kukunja."
Akasema, "Nani, mimi?"
"Ndiyo, wewe."
Akaitazama ile taulo, akailainisha kwa kiganja. "Basi nilifanya vizuri."

Amekunja zote kumi na moja. Nilizikunjua jikoni nikamrudishia jioni, akakunja tena, na uso wake ulikuwa mweupe kabisa wa raha. Binti yangu mkubwa alikuwa mlangoni. Usiku alishukuru kwamba bibi bado anajua pembe kwa pembe.

Hajanitambua bado. Jana ameniuliza tena mama yangu yuko wapi. Nimemwambia yupo, na ananipenda. Sikudanganya. Nililia baadaye, bafuni, na Mzee wa Kivulini nilikukumbuka.

Jambo moja limebaki. Wimbo. Alikuwa na mmoja aliokuwa akiimba akifagia, naujua wote. Ila naogopa. Nikiuanza naye asiukumbuke, nitakuwa nimepoteza na hilo.

Muuguzi_wa_Zamu

Dada, hongera kwa taulo. Usimwambie "mama, unaukumbuka wimbo huu?" Shika fagio, uanze mwenyewe, kwa sauti ya chini na taratibu kuliko ulivyozoea, bila kumtazama. Akijiunga, usisimame. Asipojiunga, fagia hadi umalize wimbo. Keshokutwa uimbe tena.